Wakubwa Waliogombea Kuingia Mwisho

Fumbeni macho kidogo, wanangu, mjaribu kuona ninachokisema. Mbele yenu kuna kilima cha mawe, mawe makubwa yaliyolaliana kama ng'ombe waliopumzika mchana. Katikati ya mawe hayo pana pango. Si refu, ukiingia hatua chache unafika mwisho. Lakini ukuta wake wote umejaa picha zilizochorwa kwa udongo mwekundu. Kuna twiga. Kuna swala. Kuna watu wembamba wanaocheza ngoma wameshikana mikono. Na chini kabisa, pembeni, mahali ambapo hakuna anayepatazama, yuko mama pimbi amembeba mwanawe mgongoni.

Mmewaona? Haya, fumbueni macho.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado na nyumba zao na majiko yao, wakialikana harusini kama sisi, pango hilo lilikuwa na mlinzi. Aliitwa Bi Pimbi. Kwa wale ambao hamjawahi kumwona, pimbi ni mnyama wa mawe, mfupi, mnene kidogo, hana hata mkia wa kufukuzia inzi. Wenye elimu husema yeye na tembo ni ukoo mmoja. Tembo akiambiwa hivyo hucheka mpaka akohoe.

Kazi ya kulinda pango Bi Pimbi aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na bibi. Ukoo wao ulikuwa na desturi moja. Mtoto akishaweza kupanda jiwe kwa miguu yake mwenyewe, huchukuliwa hadi pangoni, huonyeshwa yule mama wa ukutani, na kuambiwa, "Huyu ni wetu." Basi. Hakuna hotuba wala pilau. Mwaka ninaousimulia, Bi Pimbi alikuwa na watoto wawili waliokuwa bado wanajifunza. Walipanda jiwe, wakaanguka, pu. Walipanda tena, wakaanguka, pu.

Mama yao aliwatazama kwa furaha na kwa hofu. Alihofia kwamba siku watakayoweza kupanda, hakutakuwa na cha kuwaonyesha.

Sababu ilikuwa Sikukuu ya Pango. Kila mwaka baada ya mavuno wanyama wa bondeni na wa mbugani walikuja kutazama picha. Mwaka uliopita walikuja wote, na wakaingia wote kwa mpigo mmoja. Vumbi lilitimka hadi likaziba mlango. Nyati alijikuna mgongo ukutani, kwa kuwa aliona ukuta unakwaruza vizuri, na nusu ya wacheza ngoma wakaondoka na ngozi yake. Kifaru alitaka kumwonyesha mkewe twiga alipo, akaonyesha kwa pembe, kwaruuu. Na Mzee Tembo, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo, aliona picha zimefifia kwa vumbi. Akateremka mtoni, akavuta maji mkongani, akarudi, akaumwagia ukuta. Pwaaa.

Kwa muda mfupi rangi ziling'aa kana kwamba zimechorwa asubuhi ile. Wote walipiga makofi, kisha wakaenda kula.

Maji yalipokauka, hakuwepo wa kutazama ila Bi Pimbi. Aliona michirizi myekundu imeteremka mpaka sakafuni. Twiga hakuwa na miguu. Mama pimbi hakuwa na masikio.

Lakini Mzee Tembo alichokikumbuka ni kung'aa tu. Mwaka mzima aliwasimulia wageni wake kwamba zile picha ni yeye aliyezifufua, na kwamba safari ijayo ataleta maji mengi zaidi.

Sikukuu ilipokaribia, wakubwa walikutana kupanga mambo. Bi Pimbi naye alikwenda, akapanda juu ya jiwe ili aonekane. Akaeleza kwa adabu kwamba pango ni dogo na ukuta umechoka. Akaomba waingie wachache wachache, wapite mlango wa mbele na kutokea mwanya wa nyuma, mtu asiguse picha, na maji yabaki mtoni.

Nyati alisema kuingia wachache wachache ni kupoteza muda, chakula kitapoa. Kifaru akasema yeye hajawahi kupanga foleni tangu azaliwe, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Mzee Tembo aliongea kwa upole, maana alikuwa mpole.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe una uchungu na kuta zako, nakuelewa. Lakini sisi tukija, utatuzuiaje?"

"Nitasimama mlangoni, mzee wangu."

"Hilo ni jambo jema," Kifaru akasema. "Ila ukisimama tupigie kelele, tusije tukakukanyaga kabla hatujajua kuwa umesimama."

Baraza zima lilicheka. Bi Pimbi naye alicheka, akateremka kwenye jiwe kama mtu anayekwenda zake. Alipofika mlangoni pa baraza aligeuka.

"Samahani, wazee wangu. Nilisahau swali dogo. Mwaka huu mgeni rasmi ni nani?"

Kicheko kilikatika.

Mgeni rasmi mnamjua, wanangu. Ni yule anayesubiriwa. Watoto wa shule wamesimama juani tangu asubuhi, ngoma zimepigwa mpaka wapigaji wamechoka, wali umepoa, na yeye bado yuko njiani. Akifika, wote husimama.

Mzee Tembo alivuta tumbo ndani. Kifaru akaifuta pembe yake kwa jani. Nyati akakohoa, hm, hm, kama anayetaka kusema jambo lakini anangoja aombwe.

"Sitaki kuwagombanisha kwa kumtaja mmoja," Bi Pimbi akaendelea. "Mimi ni nani hata nichague? Lakini desturi yetu tunaijua sote. Shughulini, nani huingia kwanza?"

"Wadogo," Nyati alijibu.

"Na mkubwa?"

"Mkubwa huingia mwisho," wakajibu wote watatu kwa pamoja.

"Basi tuliachie pango lichague lenyewe. Atakayeingia mwisho ndiye mgeni rasmi. Tutampigia makofi, na atatoa hotuba."

Hakuna jambo lililowahi kupita haraka hivyo katika baraza lile. Hata mjadala haukuwepo. Kila mmoja alirudi nyumbani akiwaza hotuba yake.

Bi Pimbi hakurudi nyumbani moja kwa moja. Aliteremka bondeni, kwa Bibi Kobe. Huyu alikuwa kikongwe, na hakuwahi kuziona picha za pangoni hata siku moja, kwa kuwa kila mwaka alifika wakati masufuria yanaoshwa. Waliongea kwa muda. Bi Pimbi alimwomba kwamba mwaka huu aondoke nyumbani asubuhi ya sikukuu yenyewe, na asiharakishe.

"Mjukuu wangu," Bibi Kobe alisema, "sijawahi kuharakisha. Sijui hata huanzia mguu gani."

Siku ikafika. Nje ya pango Bi Pimbi alikuwa amejenga banda zuri la nyasi, ametandika mikeka mipana, ameweka na mitungi ya togwa. Mwenye kusubiri vizuri hana haja ya kusukumana.

Wadogo walifika mapema. Walikuja panya na kanga, digidigi na wake zao, ngedere na kelele zao. Bi Pimbi aliwapanga mlangoni. Kundi dogo liliingia, likatazama mpaka likaridhika, likatokea mwanya wa nyuma, ndipo kundi jingine likaingia. Kila mmoja aliweka mikono nyuma. Mwenye mkia aliushika mwenyewe ili usifagie ukuta.

Ngedere mmoja alilalamika kwamba hajawahi kuushika mkia wake kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni. Bi Pimbi alimwambia kwamba angekuwa hana mkia, kama yeye, wala asingepata taabu hiyo. Ngedere aliutazama mgongo wa Bi Pimbi, akaona ni kweli, akaushika wa kwake. Nungunungu, kwa ile miiba yake, aliingia peke yake, na alitoka akisema hajawahi kupewa nafasi kubwa hivyo mahali popote.

Ndani kulikuwa kimya. Wadogo walikuwa wakija miaka yote, lakini kila mwaka walichokiona ni magoti ya wakubwa. Sasa waliuona ukuta. Kanga mmoja aligundua kwamba yule swala ana jicho moja linalocheka. Ikabidi wote waliotoka warudi kwenye foleni, waingie tena, walitazame hilo jicho.

Na wakubwa je? Wakubwa walikuwa bandani.

Kifaru alikuja amepakwa mafuta. Nyati alikuwa na kofia. Mzee Tembo alifika mkonga umejaa maji, tayari kwa kazi yake ya kufufua picha, na kwa hiyo hakuweza kunywa togwa wala kupangusa jasho. Alikaa mkonga juu, kama mtu aliyebeba sinia la mayai.

"Kaka Tembo," Kifaru alianza, "jua linapanda. Tangulia tu, mimi nitakufuata."

"Hapana, ndugu yangu. Wewe umetoka mbali. Tangulia."

"Nitakutanguliaje na wewe ni mkubwa kwangu?"

"Huo ukubwa ndio unaonizuia. Tangulia, Kifaru, usione haya."

"Labda Nyati," wakasema wote wawili.

Nyati akajibu kwamba anapenda sana, ila mguu wake wa nyuma umekufa ganzi kidogo.

Hivyo ndivyo walivyokaa. Sijawahi kusikia adabu nyingi kama ile iliyosemwa bandani siku hiyo. Kila aliyeambiwa tangulia aliapa kwamba hastahili. Watoto wa digidigi walisimama pembeni wakisikiliza, wakadhani wakubwa wamepatana kweli.

Adhuhuri, Nyati alichoka. Togwa ilikuwa imemwishia mtungini, na heshima haishibishi. Aliinuka ghafla, akakung'uta mkeka, akaelekea mlangoni. Mgongo ulikuwa ukimwasha, na alikumbuka jinsi ule ukuta unavyokwaruza.

Bi Pimbi alimwona akija. Angesimama mbele yake, angekanyagwa. Angemsihi, asingesikika. Akapanda juu ya jiwe, akapaza sauti kwa furaha kubwa, kama mpiga debe wa sherehe.

"Mpisheni Bwana Nyati, jamani! Panya sogeeni, mpeni nafasi katikati yenu. Bwana Nyati ameamua kuingia na kundi la wadogo!"

Kule bandani Kifaru alipiga makofi. "Nyati, hongera," alisema. "Si kila mtu anajijua alipo."

Kwato ya Nyati ilikuwa hewani. Ilibaki hewani kwa muda. Kisha ikashuka, taratibu, ikarudi ilikotoka.

"Nilikuwa nanyoosha mguu," alisema. "Ganzi imepungua sasa." Akarudi mkekani, akakaa.

Mzee Tembo, hata hivyo, hakuwa mjinga. Mwenye kukaa kimya kutwa mkonga juu hupata nafasi ya kufikiri. Alimwita Bi Pimbi, akamwambia kwa sauti ya puani kwamba kuna jambo linamsumbua. Mlinzi ndiye anayefunga pango jioni. Kwa hiyo mlinzi ndiye anayekuwa wa mwisho. Sasa ina maana kwamba mgeni rasmi ni yeye Pimbi?

Kifaru na Nyati waligeuka na kumtazama.

"Mzee wangu," Bi Pimbi alijibu, "kwako ukialika watu, na wewe huhesabiwa mgeni?"

Tembo aliwaza. "Hapana."

"Basi na mimi hapa niko kwetu. Mgeni ni anayetoka nje."

Jibu lilimridhisha. Na kwa kuwa lilimridhisha, alishusha pumzi, na kwa kuwa alishusha pumzi, yale maji yaliyokaa mkongani tangu alfajiri yalimtekenya. Alijaribu kuzuia. Hakuweza.

"Chaaaa!"

Maji yote yalimwishia Kifaru. Mafuta yalimtoka, vumbi likamganda, na mke wake akasema kwamba kweli maji yale yanafufua, maana sasa analiona lile kovu la siku ya harusi. Kifaru hakucheka. Mzee Tembo alitaka kwenda mtoni kuvuta mengine, lakini akawaza: nikiondoka, huyu atajua mimi nimeghairi, atasubiri, ataingia mwisho. Akakaa palepale, mkonga mtupu.

Jua likateremka. Wadogo wa mwisho walikuwa wametoka, wanakula. Pango lilikuwa tupu kabisa, mlango wazi, na wakubwa watatu walikuwa wakisinzia, kila mmoja amefumbua jicho moja kuwaangalia wenzake.

Ndipo ikasikika sauti ndogo kutoka chini, karibu na majani.

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo, Bibi," Bi Pimbi alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimechelewa?"

"Hujachelewa. Umefika wakati wako hasa. Pita."

Bibi Kobe alipita mbele ya banda, kwa mwendo wake, akaingia. Wakubwa walimwona. Hawakumjali, kwao alikuwa mmoja wa wale wadogo, aliyesahaulika nyuma. Alikaa ndani kwa muda mrefu, peke yake na ukuta. Alipotokea mwanya wa nyuma na kuzunguka hadi mbele, Bi Pimbi alikuwa ameshaburuta tawi la miiba na kuziba mlango.

"Pango limefungwa," alitangaza. "Mgeni rasmi ameshaingia na ametoka. Tumpigie makofi Bibi Kobe."

Kifaru aliinuka kama aliyechomwa na mwiba. Nyati akakwangua ardhi kwa kwato. Mzee Tembo akasimama, na kivuli chake kikalifunika tawi lile la miiba, ambalo kwake lilikuwa kama kijiti cha kuchokolea meno.

"Fungua," Nyati alisema. "Sisi hatujaingia."

"Ni kweli hamjaingia," Bi Pimbi akajibu. "Bado mnaweza kuingia, wazee wangu. Sijakataa mtu. Ila desturi mnaijua. Mgeni rasmi akishaondoka ukumbini, wanaoingia baada yake ni akina nani?"

Bi Pimbi akanyoosha mkono. Pembeni mwa mlango, yameegemezwa kwenye jiwe, kulikuwa na mafagio matatu mapya, na ndoo moja.

Wakubwa waliyatazama mafagio. Wadogo wote waliacha kula, wakawatazama wakubwa.

Mzee Tembo ndiye aliyeanza. Alijinyoosha, akacheka kidogo, akasema kwamba kwa kweli yeye tangu asubuhi nia yake ilikuwa kumpisha Bibi. Umri una heshima yake.

"Hata mimi," Kifaru alisema haraka. "Nilikuwa nasubiri afike tu."

"Mimi ndiye niliyewaambia," Nyati akasema.

Wakapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote.

Ilibaki hotuba. Bibi Kobe alisaidiwa kupanda jiwe, akawatazama, akavuta pumzi. Alisema anashukuru. Alisema ameziona picha, na ni nzuri kuliko alivyosimuliwa.

"Ila yule twiga," aliongeza, "hana miguu. Nilidhani ni macho yangu, nikasogea. Pale miguu ilipokuwa pana mchirizi, kama mahali palipopita maji."

Wengine waliendelea kupiga makofi. Mzee Tembo hakupiga. Aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyemjua nayo, "Maji gani?"

"Ya mwaka jana, mzee wangu," Bi Pimbi alimjibu.

Tembo aliutazama mkonga wake. Akaenda nyumbani bila kula.

Mwaka uliofuata alikuja tena, mkonga mtupu, akakaa bandani tangu alfajiri, akimwambia kila mtu atangulie. Kifaru na Nyati walikaa pembeni yake, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba safari hii atakuwa wa mwisho. Wao walikuwa wakigombea ukubwa. Tembo alikuwa akigombea nini, hakuna aliyejua kwa uhakika.

Lakini nimeruka jambo moja. Siku chache baada ya ile sikukuu ya Bibi Kobe, watoto wa Bi Pimbi walipanda jiwe, na hawakuanguka. Mama yao aliwapeleka pangoni, wameweka mikono nyuma. Akawaonyesha chini kabisa, pembeni.

"Huyu ni wetu," aliwaambia.

Walimtazama sana. Kisha mdogo akauliza masikio yake yako wapi.

"Masikio yaliondoka na waliokuja kabla yenu," mama alisema. "Mgongo na mtoto wamewaachia ninyi."

Hapo hadithi yangu inaweka mzigo chini. Fundisho lake ni hili: anayehangaika aonekane mkubwa husahau alichokuja kukiona.

Na kwa upole nawaomba mkumbuke jambo moja tu. Siku mkipelekwa kutazama kitu cha kale, ingieni wachache, wekeni mikono nyuma, mtazame kwa macho yenu mpaka mtosheke, kwa sababu kuna mtoto mahali fulani ambaye bado anajifunza kupanda jiwe.